Maflapa walikuwepo kweli, au magazeti na sinema ndo ziliwatunga?

Swali la msomaji: "Mwalimu shikamoo. Nasoma mawasiliano ya umma mwaka wa pili, nimepewa mada ya maflapa, wale wasichana wa Marekani wa miaka ya 1920. Kila nikitafuta picha naletewa mtu yuleyule: mzungu mwembamba, nywele fupi, gauni la nyuzi nyuzi zinazoning'inia, shanga hadi kiunoni, sigara kwenye kishikio kirefu, anacheka. Hawa watu walikuwepo kweli au magazeti na sinema ndo ziliwatunga? Na walikuwa wanataka nini hasa, au ilikuwa starehe tu? Alafu bibi yangu husimulia ile vita ya mini na mawigi Dar miaka ya sitini, kuna uhusiano wowote?"

Marahaba mdogo wangu. Walikuwepo, tena wengi sana. Ila huyo wa kwenye picha zako ametengenezwa, na waliomtengeneza tunawajua kwa majina, tunajua walichorea gazeti gani na walikuwa wanauza bidhaa gani, kwaiyo maswali yako mawili ya kwanza yanaenda pamoja na ntayajibu pamoja. La bibi ntalifikia.

Tuanze na hilo gauni sababu ndo linalopoteza watu wengi. Gauni fupi la nyuzi nyuzi la juu ya goti ni vazi la maduka ya kukodisha nguo za sherehe, na limetokana na sinema zilizotengenezwa miaka mingi baadae kuhusu kipindi kile. Nyuzi zilikuwepo kwenye baadhi ya nguo, sikatai, ila ukitazama magauni yenyewe yaliyohifadhiwa makumbusho unakuta kitu kingine kabisa: yamenyooka kama gunia, kiuno kimeshushwa mpaka kwenye nyonga, kifua kimelazwa, na yale ya usiku yamejaa shanga za kioo zilizoshonwa juu ya kitambaa chepesi cha hariri mpaka gauni linakuwa zito, ukilitundika kwenye henga linajichana lenyewe kwa uzito wake, ndo maana makumbusho wanayalaza kwenye droo. Urefu nao watu wanaukosea. Mwaka 1923 pindo lilikuwa bado chini kabisa, linakaribia vifundo vya miguu, likapanda kidogo kidogo mpaka likafika kwenye goti kati ya 1926 na 1928, alafu likashuka tena. Na hiyo ni jioni. Mchana msichana wa ofisini alivaa sweta la kufuma, sketi ya marinda, soksi ndefu, na kofia iliyobana kichwa ikashuka hadi karibu na nyusi.

Sasa angalia gauni hilo lilivyoshonwa. Ni vipande viwili vimenyooka, hakuna mkato wa kiuno, hakuna mifupa ya koseti (lile vazi la ndani la kubana kiuno) ndani. Mwaka 1924 kulikuwa na taasisi moja ya Scranton, Pennsylvania, iliyokuwa inafundisha wanawake kushona kwa njia ya posta, na Mary Brooks Picken wa taasisi hiyo akatoa maelekezo ya gauni ambalo mtu analimaliza kwa saa moja. Saa moja! Mama zao walikuwa wanahitaji fundi, koseti, sketi za ndani tabaka kwa tabaka na mtu wa kukufunga mgongoni. Huyu binti anatoka kazini Jumamosi mchana, ananunua kitambaa cha rayoni cha bei poa, anashona, jioni anatoka nalo, na ukimwona barabarani humtofautishi na binti wa mwenye benki. Hapa ndo kelele nyingi zilipoanzia. Zilivaa sura ya kutetea maadili, lakini ukizisoma vizuri unaona kuna watu iliwauma kwamba hawawezi tena kujua kwa kutazama nguo nani ni nani.

Kwaiyo hawa walikuwa akina nani? Hapa nakuomba uandike kwa wino mzito kwenye kazi yako: wengi walikuwa wafanyakazi. Sensa ya Marekani ya 1920 ilikuta wanawake zaidi ya milioni 8 wanafanya kazi za mshahara, na 1930 wakawa wamepita milioni 10. Wapiga chapa wa maofisini, makarani, maopereta wa simu, wauzaji wa madukani, mabinti wa viwandani. Wengi wametoka mashambani au kwenye familia za wahamiaji, wamepanga chumba mjini peke yao au na mwenzao, hakuna baba mlangoni anayeuliza saa ngapi hizi. Walikuwepo pia wanafunzi wa vyuo na mabinti wa matajiri, na hao ndo walioandikwa zaidi sababu waandishi na wahariri waliishi karibu nao. Lakini mtindo usingefika kila mji kama ungekuwa wa matajiri peke yao.

Mshahara wenyewe ulikuwa mdogo, wa chini kuliko wa mwanaume, na hili watu hawalisemi. Baada ya kulipa chumba na chakula cha mchana hela ya kwenda dansi inakuwa haipo, kwaiyo anayelipa kiingilio ni mwanaume, na mwanaume anayelipa anategemea kitu. Mabinti walijua hesabu hiyo vizuri kuliko wachungaji waliowahubiria. Uhuru wao wa usiku ulikuwa na bili, na bili ililipwa na mtu mwingine. Unaposoma kwamba maflapa walikuwa huru kupita kiasi, kumbuka hilo.

Alafu nywele. Kukata nywele fupi kulianza kabla, mcheza dansi Irene Castle alizikata za kwake miaka ya vita kuu ya kwanza na wanawake wakamwiga, ila miaka ya 1920 ndo ikawa mafuriko. Wasusi wengi wa kike hawakujua kukata, wengine walikataa kabisa, kwaiyo wanawake wakaenda kwa vinyozi wa wanaume, wakapanga foleni na wanaume, wakakaa kwenye kiti kilekile. Fikiria jinsi ilivyoonekana! Kinyozi palikuwa mahali pa wanaume kupigia stori, na sasa kuna binti wa miaka 19 amekaa pale kafungwa shuka shingoni anangoja zamu. Kuna waajiri waliokataza wauzaji wenye nywele fupi, kuna bodi za shule ambazo hazikutaka kuajiri mwalimu wa namna hiyo. Na nywele zenyewe zilikuwa na faida za kawaida kabisa, kuosha haraka, kukauka haraka, kofia inakaa. Mtu mwenye kuwahi kazini asubuhi anaelewa.

Wenyewe walisema nini? Hapa kuna hazina ambayo wanafunzi wengi wanaipita. Desemba 1922 gazeti la Outlook lilichapa makala ya msichana anaitwa Ellen Welles Page, ni ombi la flapa kwa wazazi. Anaanza kwa kusema kama mtu anahukumiwa kwa sura basi yeye ni flapa, umri unaruhusu, nywele kakata, poda anapaka puani, sketi za nyuzi anavaa, dansi anapenda. Kisha anageuka anataja asivyofanya: hapaki rangi ya mdomo, hang'oi nyusi, havuti sigara, hanywi pombe. Alafu anaeleza kwamba maflapa wana madaraja, kuna nusu flapa, flapa kamili na flapa aliyepitiliza, na kwamba kuwa flapa anayefanikiwa kunataka akili na nguvu nyingi kuliko wazee wanavyodhani. Mwishoni anawaambia wazazi kwamba kizazi chao kimekulia kwenye dunia iliyovurugwa na vita, na anawaomba wawe karibu na watoto wao badala ya kuwalaumu. Mimi nikiisoma namwona mtu mwenye heshima zake anayejaribu kuongea na nyumba yake. Huyu msichana haonekani popote kwenye picha zako.

Na kuna kitu kizuri hapo kwa mtu wa mawasiliano: Page mwenyewe anajua tayari kwamba kuna picha ya flapa inayozunguka na anajipima nayo, hiki ninacho, hiki sina. Mwaka huohuo 1922 huko Chicago lilianza hadi gazeti linaitwa The Flapper, lililoandika kwenye jalada kwamba si la wazee wenye mawazo ya kale. Kwaiyo ndani ya miaka miwili mitatu kundi lilishajua linatazamwa, na likaanza kujipanga mbele ya kioo hicho. Ukitaka neno moja la kubeba kazi yako yote ni hilo, walikuwa wanatazamwa na wakajua.

Waliotengeneza kioo ni wengi ila ntakutajia wawili watatu. Wa kwanza ni mchoraji John Held Jr. Kwenye Life, ambalo enzi hizo lilikuwa gazeti la vichekesho, alichora msichana mwenye kichwa cha duara, mwili mwembamba kama hauna nyama, miguu mirefu isiyoisha. Kuna jalada lake la Februari 1926, binti anacheza dansi la Charleston na mzee mwenye upara aliyevaa suti ya jioni. Litafute ulitazame kwa makini. Ni katuni, ilikusudiwa kuchekesha, mwili ule hakuna binadamu aliyekuwa nao, lakini ikazoeleka mpaka watu wakaanza kuupima mwili wa kweli kwa katuni. Na sehemu kubwa ya picha unazoletewa intaneti zina damu ya Held ndani.

Wa pili ni Hollywood. Colleen Moore alipata jina mwaka 1923 kwa sinema ya vijana wanaokiuka mipaka, akaja Clara Bow, akaja Joan Crawford mwaka 1928. Clara Bow nampenda kwa sababu moja, mwaka 1927 kwenye sinema iliyomfanya awe maarufu dunia nzima aliigiza muuzaji wa dukani, tabaka lilelile nililokwambia, na yeye mwenyewe alizaliwa kwenye umaskini wa Brooklyn, mama yake mgonjwa wa akili, akaingia sinema kwa kushinda shindano la gazeti mwaka 1921. Lakini angalia hadithi za sinema hizi zinaishaje. Binti anacheza, anakunywa, anasumbua mji, na dakika za mwisho inaonekana kumbe alikuwa msichana mwema, anaolewa, mara nyingi na tajiri. Mtazamaji amepewa dakika sitini za makosa na dakika tano za maadili. Studio zilihitaji vyote viwili, makosa yauze tiketi na mwisho uwatulize wachungaji. Kazi, mshahara, chumba cha kupanga, hivo vinaonekana mwanzoni tu kama mahali pa kuondokea.

Sasa nikupe kisa ambacho ningekuwa wewe ningekifanya ndo moyo wa kazi nzima, sababu hapo unaiona midia ikifanya kazi hatua kwa hatua.

Januari 1924, Brooklyn, mwanamke mdogo mwenye nywele fupi na koti zuri la manyoya anaingia dukani, anaomba mayai dazeni, muuzaji akigeuka anakuta bastola. Nyuma yake kuna mwanaume naye ana bastola. Wanachukua hela wanaondoka na gari. Wakarudia kwingine, na kwingine. Magazeti ya New York yakaona dhahabu. Kama ni mwanaume kaiba duka la vyakula ni habari ya mistari minne ukurasa wa ndani, lakini huyu ana nywele fupi, kwaiyo wakamwita jambazi wa nywele fupi na kila siku yupo ukurasa wa mbele. Hakuna aliyejua ni nani, hata jina hawana, lakini tayari wameshamwandikia maisha: ni flapa, ameharibiwa na dansi na uhuru, haya ndo matokeo ya kuwaachia wasichana. Polisi walikuwa wanasimamisha wanawake barabarani kwa sababu ya nywele tu, na nywele hizo kipindi kile nusu ya mji inazo. Wakamkamata mwanamke asiye na hatia, na jambazi mwenyewe akaacha barua kwenye tukio lingine akiwatukana polisi na kuwaambia wamwachie yule binti.

Aprili akakamatwa Jacksonville, Florida, na mumewe. Jina lake Celia Cooney, umri miaka 20. Kazi yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kufua nguo, mume ni fundi wa magari. Alikuwa mjamzito kipindi chote cha wizi, na alieleza kwamba walitaka pesa mtoto akizaliwa akute nyumba yenye staha. Mtoto alizaliwa wakiwa mafichoni, akafariki baada ya siku chache. Utoto wake mwenyewe ulikuwa wa kutelekezwa, wazazi walevi, kupelekwa huku na kule na mashirika ya ustawi. Mwandishi Walter Lippmann alipoipata historia hiyo akaandika tahariri kwenye gazeti la World akiwaambia wasomaji kwa uchungu wamtazame binti huyu alivyokulia mikononi mwa mji wao kabla ya kumfanya mfano wa maadili ya kisasa. Tahariri moja, dhidi ya miezi mitatu ya ukurasa wa mbele. Celia alihukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 20, akatolewa mwaka 1931, na kabla ya hapo magazeti ya Hearst, tajiri wa magazeti, yalinunua simulizi yake yakaichapa kwa sehemu sehemu.

Umeona? Mwanamke mwenye njaa na mimba alisomwa kwa nywele zake. Umaskini wake ulikuwa habari kubwa kuliko nywele lakini haukuwa na picha nzuri ya kuweka ukurasa wa mbele. Kila nikifundisha kisa hiki darasa linanyamaza kwa huzuni, alafu mtu anaanza kutaja mifano ya mitandaoni ya leo, na mimi namwachia aitaje.

Jambo la pili kubwa kwenye picha zako ni rangi. Charleston, dansi ambalo ndo alama ya flapa, limetoka kwa Wamarekani weusi wa Carolina Kusini. Lililipuka nchi nzima baada ya onesho la Broadway la mwaka 1923, Runnin' Wild, lililochezwa na wasanii weusi, muziki wake kaandika James P. Johnson, mweusi. Baada ya miaka miwili tu ukifungua magazeti makubwa anayelicheza kwenye kila picha ni binti mzungu. Harlem na upande wa kusini wa Chicago kulikuwa na mabinti weusi wenye nywele fupi, magauni yaleyale na kazi ngumu zaidi sababu ofisi nyingi hazikuwaajiri, kwaiyo wengi walikuwa wafanyakazi wa majumbani na madobi. Wao walikuwa na mzigo wa ziada. Binti mzungu akipitiliza anaambiwa ni utoto, utaisha. Binti mweusi akifanya hivohivo anaonekana amethibitisha matusi ya wabaguzi juu ya jamii yake nzima, ndo maana mama zao wa kwenye vyama vya wanawake weusi walikuwa wakali sana kuhusu mavazi na dansi, na mimi siwezi kuwalaumu. Josephine Baker, mzaliwa wa St. Louis, ilibidi avuke bahari hadi Paris mwaka 1925 ndo awe nyota, na hata huko Ufaransa walimpandisha jukwaani kwa mavazi ya kumfanya aonekane katoka porini, wakati nje ya jukwaa ni mwanamke wa mjini mwenye nywele zimelazwa na gauni la mbunifu. Anna May Wong wa Los Angeles, mwenye asili ya China, mtaani alikuwa flapa kabisa kwa mavazi na lugha, ila studio zikampa nafasi za mtumwa na mwanamke wa hila. Kwaiyo ukiuliza kwanini intaneti inakuletea mzungu tu, jibu ni kwamba uchaguzi huo ulishafanyika kwenye chumba cha mhariri miaka mia iliyopita.

Alafu biashara. Hapa nasikitika kidogo, maana maflapa wenyewe walinaswa. Wembamba wa katuni ukawa amri. Kitabu cha daktari Lulu Hunt Peters cha kuhesabu kalori, kilichotoka 1918, kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyouzika zaidi Marekani mwaka 1924 na 1925. Kampuni ya tumbaku yenye sigara za Lucky Strike ikaona mlango, mwaka 1928 ikaanza kuwaambia wanawake wachukue sigara badala ya kitu kitamu. Mwaka uliofuata, Jumapili ya Pasaka ya 1929, mtaalamu wake wa mahusiano ya umma Edward Bernays akapanga wanawake watembee Fifth Avenue, New York, wakiwasha sigara mbele ya wapiga picha, akaziita mienge ya uhuru. Magazeti yakaandika kama vile ni maandamano ya wanawake wenyewe. Koseti walikuwa wameivua kwa mikono yao, na ndani ya miaka michache wakauziwa njaa na moshi kwa jina la uhuru huohuo. Hili kwa mtu wa mawasiliano ni la kulikariri, wewe kesho ndo utakaa kwenye kiti cha Bernays.

Walitaka nini basi? Wapo wanaosema hawakutaka siasa, walitaka starehe. Wanaharakati wazee waliopigania kura, kina Charlotte Perkins Gilman, walikasirika kweli, maana marekebisho ya 19 ya katiba yalipita Agosti 1920 baada ya miaka zaidi ya sabini ya kupigania, na mabinti wanaonekana wanacheza tu. Namwelewa Gilman lakini sikubaliani naye. Kuamua mwili wako uvae nini, urudi saa ngapi, uzae lini, ukae na mwanaume mezani mnaongea kama watu wawili, hayo nayo ni madaraka, na wakati huo sheria ya shirikisho ya tangu 1873 ilikuwa bado inakataza hata kutuma kwa posta maelezo ya uzazi wa mpango. Mwandishi Bruce Bliven mwaka 1925 aliandika kwenye New Republic kuhusu binti aliyemwita Jane, akaanza kama wote, poda nzito, midomo myekundu, nguo anazihesabu moja moja jinsi zilivyo chache. Ila mwishoni akaona kitu ambacho wenzake hawakukiona, kwamba nguo hizo zinavaliwa pia na shangazi zake Jane na wanawake wa mara tatu ya umri wake, na kwamba wanawake hao wameshaamua ni sawa na wanaume na wanataka wachukuliwe hivyo. Shangazi mwenye miaka hamsini aliyekata nywele zake kimya kimya sio wa kuwekwa kwenye jalada, lakini kwangu yeye ndo ushahidi kwamba halikuwa jambo la utoto.

Sasa la bibi. Uhusiano wa moja kwa moja kati ya maflapa na Dar ya sitini mimi sioni, usilazimishe. Daraja lipo kusini zaidi: gazeti la Bantu World, Johannesburg, mwaka 1932, chini ya mhariri R. V. Selope Thema, liliendesha shindano la urembo la wanawake weusi wasomaji wakituma picha, na papo hapo kurasa zake zikajaa ugomvi juu ya poda na rangi ya mdomo, wanaume wakilalamika kwamba msichana wa kisasa anaiga wazungu, wanawake wakijibu kwa barua. Hiyo kweli ni ya familia moja na maflapa, wakati mmoja, vipodozi vilevile, sinema zilezile.

Dar ni miaka zaidi ya thelathini baadae. Oktoba 1968 vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, kwamba kuanzia Januari 1, 1969 mini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana ni marufuku, na kabla hata ya tarehe kufika kuna wanawake walishambuliwa Kariakoo. Bibi yako pengine aliyaona. Yanayofanana ni namna ya kuandika: mwanamke wa mjini mwenye mshahara wake anajadiliwa kwa urefu wa sketi, barua zinamiminika magazetini, na wapo waandishi wa barua waliouliza kwanini suti ya mwanaume, nayo ya kigeni, haiguswi. Muulize bibi alikuwa anafanya kazi wapi wakati ule na nguo alizipataje, umrekodi. Hayo ni bora kuliko chochote nachoweza kukuandikia mimi.

Mwisho wao Marekani haukuwa wa siku moja. Soko la hisa lilianguka Oktoba 1929, pindo likashuka, Hollywood ikajifunga na kanuni za maadili za 1930 zilizoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, na sheria ya 1932 ikafanya wanawake wengi walioolewa na watumishi wa serikali ya shirikisho wapoteze kazi zao serikalini. Magazeti yakatangaza kwamba flapa amekufa. Koseti za zamani hazikurudi kama zamani, nywele hazikurudi kiunoni, na wapiga chapa waliendelea kupanda treni asubuhi.

Kwa kazi yako fanya hivi: ingia kwenye mkusanyiko wa picha wa maktaba ya bunge la Marekani, wana picha za magazeti za miaka hiyo unazipakua bure, tafuta wapiga chapa, maopereta wa simu, wanawake kwa kinyozi. Jalada la Held litumie pia, ila chini yake andika wazi kwamba ni katuni na mwaka wake, alafu weka pembeni picha ya ofisi ya mwaka huohuo, na Celia Cooney mpe ukurasa wake peke yake.